Talladega: aliye nyuma yako ndiye anayekusukuma

"Mjomba, sasa hao wanazunguka tu masaa matatu? Kuna nini hapo?"

Mpwa wangu wa Tanga alinitumia ujumbe huo baada ya mimi kumrushia video ya mbio za magari za Talladega. Swali hilo hilo nimeulizwa na wengi, wakiwemo Waswahili wenzangu tunaoishi huku Alabama, Marekani, watu wanaopita mbele ya uwanja ule kila wakienda Atlanta na hawajawahi kuingia hata mara moja. Nalijibu hapa kwa urefu, maana ujumbe wa sauti wa WhatsApp hautoshi, na mbio hizi nazipenda kwa dhati.

Ni kweli wanazunguka. Ila kinachogombewa pale ni upepo. Upepo ule huwezi kuutumia peke yako, unahitaji mtu nyuma yako akusukume, na mtu huyo huyo ndiye anayetafuta nafasi ya kukupita.

Sisi Afrika Mashariki tumelelewa na Safari Rally. Ilianza 1953, na enzi zile ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na jina la Joginder Singh halikumtoka mdomoni: alishinda 1965 na Volvo, akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Kwenye rali kila gari linaondoka kwa dakika yake. Dereva na msoma ramani wanapambana na tope, vumbi, mito na saa, na mshindani wako unaweza usimwone kutwa nzima. Talladega washindani wako wote unawaona, karibu arobaini. Wengine wako kwenye kioo, wengine dirishani kwako umbali wa mkono, na wote mnakwenda zaidi ya kilomita 290 kwa saa. Nani akibanwa atakukatia mbele, na nani atavumilia? Hayo ndiyo unayoyawaza mzunguko hadi mzunguko.

Uwanja wenyewe uko mashambani, kando ya barabara kuu ya I-20, kati ya Birmingham na Atlanta, mahali palipokuwa kiwanja cha ndege za jeshi. Aliyeujenga ni Bill France, mwasisi wa NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizi Marekani, ukafunguliwa 1969. Mbio kubwa za kwanza, Septemba mwaka huo, zilisusiwa na madereva wengi maarufu wakiongozwa na Richard Petty, kwa sababu tairi za wakati ule zilikuwa zinachanika kwa mwendo ule. France hakuahirisha. Akawapanga waliokubali kubaki, na mshindi akawa Richard Brickhouse. Katika ugomvi huo mimi niko upande wa Petty. Anayekaa nyuma ya usukani ndiye anayejua tairi inamwambia nini, mwenye uwanja hawezi kulijua hilo akiwa ofisini.

Mzunguko mmoja ni maili 2.66, yaani kilomita 4.28, na mbio ni mizunguko 188, jumla kama kilomita 800. Televisheni haikuonyeshi jinsi kona zilivyoinama. Ni digrii 33. Siku moja mashabiki tuliporuhusiwa kushuka njiani nilijaribu kuipanda ile kona kwa miguu, na kabla sijafika katikati nilikuwa nimeshainama na vidole vinagusa lami. Upande wa juu, kwenye ukuta, umepita upande wa chini kwa karibu mita 8. Lami yenyewe ina alama nyeusi za tairi, na ukipitisha kiganja unahisi ukali wa kokoto. Mwinamo huo una kazi yake: gari likiingia kona, uzito wote unaligandamiza chini barabarani badala ya kulitupa nje, na dereva hana haja ya kuachia mafuta. Anazunguka akiwa amekanyaga mpaka mwisho. Mzunguko mzima ni kama sekunde 50.

Ndiyo hapo shida ilipoanzia. Uwanja usiomlazimisha mtu kupunguza mwendo unamwacha aongeze mpaka gari lishindwe kukaa chini. Mwaka 1970 Buddy Baker alikuwa dereva wa kwanza wa NASCAR kuvuka maili 200 kwa saa kwenye njia ya mzunguko, hapo hapo Talladega. Mwaka 1987 Bill Elliott akafikisha maili 212.809, kilomita 342, kwenye majaribio ya kupanga safu. Mpaka leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo kwenye NASCAR. Kisha zikaja mbio zenyewe, Mei 1987. Gari la Bobby Allison lilipasuka tairi ya nyuma, likageuka, hewa ikaingia chini yake likanyanyuka na kuupiga uzio wa waya mbele ya watazamaji. Uzio ukang'oka kipande kirefu, na watu wakaumia. Allison alikuwa mtu wa Hueytown, hapa jirani na Birmingham. Mwanawe Davey alikuwa mbele yake kwenye mbio hizo hizo na aliyaona yote kwenye kioo. Uzio ukatengenezwa, mbio zikaendelea, na Davey ndiye aliyeshinda, ushindi wake wa kwanza kabisa. Miaka sita baadaye, 1993, Davey alifariki baada ya helikopta yake kuanguka ndani ya uwanja huo huo alipokuwa anatua. Wazee wa huku wakikusimulia familia ile wanashusha sauti, na mimi nimejifunza kunyamaza na kuwasikiliza.

Baada ya 1987 wakubwa wa NASCAR waliamua kuzibana injini pumzi. Kuanzia 1988 kwenye viwanja viwili, Daytona na Talladega, likawekwa bamba lenye matundu kati ya kabureta na injini, hewa ipite kidogo na nguvu zishuke. Siku hizi kifaa kimebadilika, ila kazi ni ile ile. Injini ya V8 ya lita 5.86 inayotoa nguvu za farasi 670 au zaidi kwenye viwanja vingine, Talladega inatoa kama 510. Hapo ndipo ilipozaliwa aina nyingine kabisa ya mbio. Injini zote zikiwa zimebanwa sawasawa, hakuna anayeweza kumwacha mwenzake kwa nguvu za injini. Kilichobaki cha kumwongezea mtu mwendo ni hewa.

Hewa hii naijua kwa kazi yangu. Naendesha semi, tela la futi 53, na kila siku magari madogo yananipita. Gari dogo likiwa nyuma yangu karibu linatulia kabisa, maana lori limeshaikata hewa na kumwachia nafasi tulivu. Likianza kunipita linavutwa kidogo kuelekea kwangu, na likifika usawa wa pua ya lori linapigwa na upepo na kuyumba. Dereva mzoefu anaushika usukani vizuri kabla ya kufika hapo. Talladega mambo ni hayo hayo, ila mwendo ni mara tatu na kuna ukuta pembeni. Gari la mbele linapasua hewa. La nyuma linaingia kwenye ule utulivu, linakuja kwa kasi zaidi na kwa mafuta machache. Kinachowashangaza wengi ni kwamba hata la mbele linafaidika. Hewa ikipita juu ya gari lililo peke yake, inabaki ikizungukazunguka nyuma na kulivuta. Gari la pili likijisogeza hapo, ule mvuto unapungua, na yote mawili yanakwenda haraka kuliko gari moja lililo peke yake. Mstari wa magari kumi unawapita watu kama wamesimama. Ukitoka kwenye mstari ukidhani utapita, na asikufuate hata mmoja, utaona magari kumi na tano yanakupita kabla hujapata pa kurudi.

Ukitaka kumrudisha mtu nyuma, unajisogeza ubavuni kwake, pua ya gari lako usawa wa tairi yake ya nyuma, na hewa inayotoka kwako inaenda kulipiga bawa lake. Anapunguza mwendo bila wewe kumgusa. Kisha kuna kusukumana bampa kwa bampa. Ukimgusa aliye mbele katikati ya bampa na gari limenyooka, mnaruka mbele wote wawili. Ukimgusa pembeni kidogo, au mkiwa mnaingia kona, unamgeuza, na nyuma yenu kuna magari thelathini yasiyo na pa kupita. Ajali ya namna hiyo hapa ina jina lake, wanaiita Ile Kubwa, na kila mtu anajua inakuja, hajui saa. Oktoba 2024 iliyakumba magari 28 kwa mpigo. Haijawahi kutokea kubwa kuliko hiyo kwenye daraja la juu la NASCAR.

Wenzangu wa Toyota nyumbani wanapenda kuuliza: kweli ile ni Camry? Umbo la nje ni la Camry, na lile jingine ni Mustang, na lile ni Camaro. Ndani yote yanafanana: fremu ya mabomba ya chuma, kiti kimoja, neti dirishani, gia za kusukuma mbele na kurudisha nyuma, na gurudumu lenye nati moja katikati. Gari likiingia kujaza mafuta, watu watano wa timu wanaruka ukuta, tairi nne zinabadilishwa kwa kama sekunde kumi, na mwenye mafuta ndiye wa mwisho kumaliza, maana mafuta yanamiminika kwa uzito wake tu kutoka kwenye debe. Hilo la mafuta lishikeni, nitalirudia.

Nilikuwepo Aprili 21, 2024, na mbio zile ndizo ninazozitumia kumweleza mtu. Ukifika, kodisha redio ya kusikilizia. Bila redio utaona magari, ila mbio zenyewe hutazipata. Kila timu ina mtu wake juu ya paa la jukwaa kuu mwenye darubini, kwa sababu dereva aliyefungwa kwenye kile kiti na kofia yake haoni pembeni wala nyuma vizuri. Mtu huyo ndiye macho yake. Nilimsikiliza mmoja mizunguko mingi mfululizo, sauti imepoa kama anasoma orodha ya dukani: "Ndani. Bado ndani. Bado. Mlangoni. Bampa. Safi." Kila neno ni gari lililo ubavuni kwa dereva wake. Akisema "safi" kabla ya wakati wake, watu wanaumia. Kazi hiyo naistahi kuliko zote uwanjani, maana utingo wangu wa zamani kwenye barabara ya Lushoto aliniokoa kwa maneno machache kama hayo.

Sasa yale mafuta. Kwa kuwa kupita ni vigumu, timu zimegundua kwamba njia rahisi ya kusonga mbele ni kukaa muda mfupi wakati wa kujaza mafuta. Kwa hiyo mizunguko mingi hawakanyagi mpaka mwisho. Wanakwenda safu tatu tatu, wamebana njia yote, wanabana mafuta, na hakuna anayejaribu kitu. Nasema wazi kwamba hilo silipendi. Shabiki amelipa pesa yake aone mashindano, anaonyeshwa msafara. Nawaelewa wahandisi, wanafanya hesabu iliyo sahihi. Kanuni ndizo zinazolipa hesabu hiyo, na kanuni zinaweza kubadilishwa.

Siku ile madereva wa Toyota waliamua kuiharibu hesabu ya wenzao. Walijaza mafuta kwa pamoja, wakatoka kwa pamoja, wakakanyaga mpaka mwisho wakati wengine bado wanabana, na wakaanza kuwaacha kwa mstari mmoja. Pale jukwaani watu walisimama. Mpango ulikuwa mzuri kweli. Kisha, kwenye mzunguko wa 157, John Hunter Nemechek alimsukuma Bubba Wallace, Wallace akamgonga Erik Jones aliyekuwa mbele yake, na Jones akaenda ukutani kwa nguvu. Denny Hamlin naye akaingia humo humo. Hakuna adui aliyewagusa, walikuwa wao kwa wao wakisaidiana. Baadaye ikajulikana kwamba Jones amevunjika pingili ya uti wa mgongo, akakosa mbio zilizofuata. Watu wakiona gari linapiga ukuta na dereva anatoka kwa miguu yake, wanadhani imekwisha. Yule alitoka kwa miguu yake.

Wallace huyo inabidi nimsemee, kwa sababu kila Mwafrika niliyemwalika aliniuliza kwanza kama pale tunatakiwa. Swali ni la haki. Kwa miaka mingi bendera ya Kusini, ile ya waliopigania utumwa, ilikuwa inapepea kwenye kambi za mashabiki, na NASCAR iliipiga marufuku kwenye viwanja vyake Juni 2020 tu. Wiki hizo hizo, hapa Talladega, kamba iliyofungwa kitanzi ilikutwa kwenye gereji aliyopangiwa Wallace, dereva pekee mweusi wa daraja lile, mzaliwa wa Mobile, Alabama. FBI walichunguza wakakuta kamba ilikuwepo tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuwa yeye aliyelengwa. Kabla ya hilo kujulikana, madereva wenzake wote walilisukuma gari lake kwa mikono mpaka mbele ya safu na kusimama naye. Oktoba 2021 akashinda, kwenye uwanja huo huo, mbio zilipokatishwa na mvua baada ya mizunguko 117. Alikuwa wa kwanza mweusi kushinda daraja la juu tangu Wendell Scott, Desemba 1963 kule Jacksonville. Scott siku hiyo alinyang'anywa furaha yake: walimtangaza Buck Baker kwanza, na marekebisho yakaja watu wameshaondoka. Kombe lilikabidhiwa kwa familia yake 2021, yeye alikuwa amefariki tangu 1990. Wanaosema ushindi wa Wallace haukukamilika kwa sababu ya mvua siwezi kubishana nao kwa upole. Kanuni zilikuwa moja kwa wote, na wakati wa kusimamisha mbio aliyekuwa mbele ni yeye.

Kwangu mimi, watu waliokaa pembeni yangu walinipa maji, wakanieleza nani ni nani, wakaniuliza Tanzania iko wapi. Nasimulia yaliyonipata mimi, mwingine anaweza kuwa na yake.

Mzunguko wa mwisho ulipofika, aliyeongoza ni Michael McDowell, ambaye ndiye aliyeanza mbele siku ile. Nyuma yake Brad Keselowski. Mkumbuke huyu Keselowski. Mwaka 2009, hapa hapa, mzunguko wa mwisho, yeye ndiye alikuwa nyuma na Carl Edwards mbele. Kuna mstari wa njano chini ya njia, ukipita chini yake ushindi unafutwa, na Keselowski alijua. Alibaki juu ya mstari, Edwards akashuka kumziba, wakagongana, gari la Edwards likaruka mpaka kwenye uzio na watazamaji wakaumizwa na vipande. Edwards alitoka garini akauvuka mstari wa kumalizia kwa miguu, anakimbia. Mshindi akawa Keselowski.

Kwa hiyo McDowell alikuwa na mtu wa namna hiyo kwenye kioo. Akaanza kuziba. Keselowski akienda juu, McDowell juu. Akija chini, McDowell chini. Kuziba safu mbili kwa gari moja kunawezekana kama wa nyuma wako mbali kidogo, lakini walikuwa wameshamfikia. Alipojaribu kurudi chini kwa mara ya mwisho, mstari wa kumalizia unaonekana, pua na bampa zilikutana pembeni na gari lake likageuka. Keselowski ikabidi apunguze kidogo. Tyler Reddick, aliyenusurika kwenye ile ajali ya Toyota, hakupunguza. Akapenya, akavuka wa kwanza, Keselowski wa pili. Nyuma yao magari yanagongana, na Corey LaJoie alivuka mstari gari limelala ubavu.

Gari la Reddick ni la timu ya Michael Jordan na Hamlin. Jordan alikuwepo mwenyewe, akamnyanyua mtoto wa Reddick, na jukwaani watu wazima walikuwa wanalia.

Tangu siku ile nabishana na mzee mmoja kazini, yeye anasema McDowell alikosea. Mimi nasema alichagua. Angebaki kwenye safu moja, angepitwa na safu nyingine akamaliza wa tatu au wa nne. Alitaka kushinda, na njia ya kushinda ilikuwa hiyo moja. Ninachomlaumu ni kitu kidogo: alirudi chini akiwa hana mtu wake wa kumsukuma tena, kwa sababu wa kumsukuma alikuwa Keselowski, yule yule aliyezibwa.

Kwa wenzangu mlioko Birmingham, Atlanta na Huntsville: wanakimbia pale mara mbili kwa mwaka, msimu wa machipuko na wa vuli. Mlioko nyumbani, zikianza saa nane mchana huku, Dar na Nairobi ni saa nne usiku. Mkija, msinunue viti vya chini karibu na uzio, hata kama ni rahisi. Chini mtaona rangi zinapita, na mtarudi na vumbi jeusi la tairi shingoni. Kaeni safu za juu kabisa, mwone mstari unavyovunjika upande wa pili wa uwanja kabla haujafika mbele yenu. Na watoto muwafunike masikio kabla injini hazijawashwa.